Kiatu Kilichotoka Tumboni mwa Bosi

Upanga, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Mke wangu Somoe, Mama Sharifa,

Asalaam alaykum. Nakusalimu wewe kwanza, kisha Sharifa na Hamza, kisha mama yangu, na kila aliyeamka salama leo hapo nyumbani Mikindani. Kikohozi cha Hamza kimekwisha, au bado kinamrudia alfajiri? Na mama, magoti yanamruhusu kufika mpaka barazani? Mimi mwili ni mzima. Nakula, naswali, nakwenda kazini. Moyo ndio una maneno, na hayo ndiyo yaliyoniketisha kwenye ukingo wa kitanda na kalamu mkononi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati siku hizi hata mama anatuma sauti kwenye simu. Simu nimeikimbia. Mara ya mwisho tulipozungumza niliisikia mwenyewe sauti yangu ikipanda, nawe ukaniambia taratibu, "Baba Sharifa, ukimaliza kufoka utanipigia," ukakata. Sikukupigia kwa sababu nilikuwa sijamaliza. Kwenye karatasi angalau nikikosea neno nalikata, na wewe hulioni. Barua hii nampa Saidi, dereva wa basi, aifikishe dukani kwa Zuhura hapo Chikongola, naye akuletee. Ukikuta bahasha imefunguliwa, ujue mdogo wangu amekutangulia kuisoma.

Basi niseme. Nina wivu, Somoe. Si wivu wa kutaniana, ni wivu wa kumnyima mtu usingizi.

Zuhura aliniambia, na alivyosema alisema kama mtu anayetoa habari za mvua: "Kaka, mbuzi wenu siku hizi wana daktari wao. Bwana mifugo mpya, Elia, kijana wa Njombe. Pikipiki yake haikauki uani kwenu." Nikamuuliza mbuzi wanaumwa nini. Akasema hajui, lakini wanatibiwa sana.

Sasa wewe fikiria. Mbuzi wenyewe ni wale wachache aliotupa mjomba wako wa Kitaya tulipooana, na vizazi vyao. Hata wangekuwa na kila ugonjwa niliosoma chuoni, wasingehitaji kutembelewa namna hiyo. Na mimi kazi yangu ni hiyo hiyo! Huku Upanga watu wananiita dokta, nami nachoka kuwasahihisha kwamba mimi ni msaidizi tu. Nachoma sindano paka wa watu nisiowajua, halafu mbuzi wangu mwenyewe anashikwa kwato na mwanamume mwingine, uani kwangu, mke wangu akishika kamba. Ndiyo maana nilifoka.

Lakini tangu siku ile limetokea jambo hapa kazini, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine, kwa sababu lina mkono wake mpaka hapo Mikindani. Nitakusimulia lilivyokuwa.

Nilishakueleza kazi zetu. Kliniki iko chini, barabarani, lakini wagonjwa wako juu. Mimi ndiye ninayepanda. Majengo ya huku yamejaa mbwa na paka ambao hawajawahi kukanyaga udongo. Kuna mbwa kucha zimejikunja mpaka zinaingia nyamani, kwa sababu anatembea juu ya vigae tu. Kuna paka amejilamba manyoya ya tumbo yote akabaki na ngozi, na ukimchunguza humkuti na upele wala kiroboto; ni upweke wa kufungiwa kutwa nzima. Mwezi uliopita paka wa ghorofa ya nne alimrukia njiwa dirishani, akaangukia turubai la mkaanga chipsi, akavunjika taya. Tukamfunga waya, na sasa anakula uji kwa bomba la sindano. Na yuko bibi mmoja mstaafu ambaye huniita nikampime paka wake joto. Paka mzima kabisa. Nampima, namwambia yuko salama, kisha bibi ananimiminia chai na kunionyesha picha za wanawe walioko Ulaya.

Katika jengo mojawapo, ghorofa ya tano, anaishi dada mmoja anaitwa Tumaini, anafanya kazi ofisini mjini. Ana mbwa wa rangi ya kahawia, miguu mifupi, masikio yanaburuza, jina lake Bosi. Mumewe, Ezekieli, ni mwenyeji wa Mbeya, lakini kwa miaka sasa yuko huko kwetu, anaendesha kreni bandarini Mtwara, amepanga Shangani. Hawana watoto bado. Mbwa ndiye mtoto. Basi Ezekieli alikuwa na desturi ya kunipigia kila nikitoka kumchanja Bosi au kumkata kucha, aulize maendeleo. Siku ya kwanza nilipomjibu, "Nnakuja kumwona tena Alhamisi," akacheka kwa furaha.

"Nnakuja! Wewe ni mtu wa huku!"

"Mikindani."

"Basi ndugu yangu, mimi jirani yako! Jumamosi nilikula pweza hapo Mikindani!"

Tukawa marafiki wa simu. Nikamuuliza kama ming'oko ya kuchimba porini imeshaingia sokoni, naye akaniuliza foleni za Dar. Ikawa hivyo mpaka siku moja akashusha sauti. Akaniambia, "Hamisi, wewe ni mume, uko mbali na mkeo. Unanielewa. Ukipanda kwangu, mbali na mbwa, tupa jicho. Mlangoni, bafuni. Kama kuna kitu cha kiume, unanijulisha. Na mimi nikipita Mikindani nitatupa jicho kwako. Wewe niangalizie wangu, mimi nikuangalizie wako."

Sikumwambia ndiyo. Lakini hapana pia sikuitamka, Somoe. Nilisema, "Tuombe Mungu," neno ambalo mtu akilitaka kuwa ndiyo linakuwa ndiyo. Na ilikuwa wiki ile ile aliyoniambia Zuhura habari za pikipiki.

Siku chache baadaye Tumaini akaipigia kliniki analia. Bosi hali, anatapika hata maji. Nikapanda. Lifti ilikuwa mbovu kama kawaida, nikafika juu nahema. Na pale mlangoni, kabla sijabisha, nikaiona sendo ya kiume. Moja tu, ya mguu wa kulia, ya ngozi nyeusi, kubwa, na kifungo cha chuma pembeni. Nakwambia kweli, jicho langu lilikwenda kwenye sendo kabla ya kwenda kwa mgonjwa. Moyoni nikasema: ndivyo wanavyofanya. Sikusema "ndivyo alivyofanya huyu". Nilisema wote, na katika hao wote ulikuwemo wewe.

Bosi alikuwa amejikunja chini ya meza. Nilipomgusa tumbo alilia kama mtoto. Fizi zimekauka, macho yamezama. Nikamwambia Tumaini huyu haponi kwa sindano, lazima ashuke kliniki sasa hivi. Akavua kanga yake ya kiunoni, tukamlaza Bosi katikati, mimi nikashika ncha za mbele na yeye za nyuma, tukashuka ngazi zote hizo. Njiani tulikutana na mwanamume wa ghorofa ya juu anapanda. Akatuachia njia, akasema, "Pole mama, kama unahitaji msaada mimi nipo." Tumaini hakumjibu. Aliuma midomo tu akaendelea kushuka. Nami, mpelelezi wa Ezekieli, nikatazama miguu ya yule bwana. Miguu mikubwa.

Kwenye picha ya eksirei kifungo kilionekana cheupe katikati ya utumbo, wazi kabisa. Daktari wetu, Mama Lyimo, akasema tusichelewe. Tukampa Bosi nusu kaputi, mimi nikashika dripu na kumhesabia pumzi, daktari akafungua. Utumbo ulikuwa umeshaanza kubadilika rangi. Tungengoja mpaka kesho yake tungemzika. Daktari akachana mahali padogo, akavuta taratibu kwa koleo, kikatoka: mkanda wa ngozi nyeusi na kifungo chake, umekunjamana kama kipande cha utumbo wenyewe. Akausuuza, akautia kwenye mfuko wa plastiki, kwa maana ni kawaida yetu kumwonyesha mwenye mnyama kilichotoka.

Tumaini alikuwa kwenye benchi. Daktari akamwambia mbwa amepona, atazinduka. Akalia kwa shukrani. Kisha daktari akamwonyesha ule mfuko. Machozi yakakatika ghafla. Daktari aliporudi ndani, Tumaini akanishika mkono wa shati.

"Dokta, nakuomba. Usimwambie mume wangu ni kitu gani."

Nikamuuliza, "Kwa nini?"

"Basi tu. Nitamwambia mwenyewe."

Mke wangu, mtu mwenye wivu akiambiwa "basi tu" hahitaji ushahidi mwingine. Nilisimama pale na joho langu la kijani lina damu ya mbwa wake, na nikamchukia yule dada kana kwamba amenikosea mimi. Nikaona pikipiki. Nikaona kamba ya mbuzi mkononi mwako.

Ezekieli akapiga jioni ile ile. Nikamwambia mbwa amepasuliwa, yuko salama. Akamshukuru Mungu. Kisha:

"Amemeza nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema muulize mwenye mbwa, ni mkeo. Badala yake nikasema, "Kitu cha ngozi."

"Ngozi gani?"

"Ngozi. Ina kifungo."

Nikasikia upepo wa bandarini kwenye simu. Halafu akasema polepole, "Mimi sina kiatu cha ngozi pale nyumbani, Hamisi. Vyote ninavyo huku." Akakata.

Na mimi, niseme nisikufiche, nililala vizuri siku ile. Nilijiona nimemsaidia mwanamume mwenzangu.

Kumbe aliomba ruhusa kazini akapanda basi. Siku ya Bosi kuja kutolewa nyuzi, nilikuwa mezani nakunja bandeji, nikasikia vishindo mlangoni. Aliingia mwanamume mfupi, mnene kidogo, macho mekundu ya safari, kwapani ameshika ile sendo ya mguu wa kulia imefungwa kwenye gazeti. Nyuma yake Tumaini, amembeba Bosi mwenye kola ya plastiki shingoni. Nilikuwa sijawahi kumwona Ezekieli kwa uso, lakini sauti niliijua mara moja.

"Hamisi ni nani hapa? Leteni hicho kitu."

Daktari Mama Lyimo alitoka ofisini, akasema hapa ni kliniki, tuseme taratibu. Lakini mtu alikuwa amesafiri kutoka Mtwara na sendo kwapani, hangesema taratibu. Nikautoa mfuko kwenye kabati. Akaufungua, akauweka ule mkanda juu ya meza, akauweka sambamba na sendo. Ngozi ile ile, kifungo kile kile, cha kulia na cha kushoto.

"Ya nani?" akamuuliza mkewe.

Tumaini alimweka Bosi mezani kwanza. Akamsawazishia kola. Akasema, "Vaa."

"Nimekuuliza ya nani!"

"Nami nimekwambia vaa."

Akaivaa. Mguu wake ulielea ndani kama mguu wa mtoto.

"Unaona, si yangu!"

"Sijasema ni yako. Ivue. Igeuze."

Akaigeuza. Sote tukainama kutazama, hata mwenye paka aliyekuwa anasubiri zamu. Chini sendo ilikuwa safi. Haikuwa na mchanga wala mkwaruzo, na kibandiko cha duka kilikuwa bado kimeganda kwenye kisigino.

Tumaini akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo: "Nimeinunua mimi. Nimechagua saizi kubwa kusudi. Yule wa ghorofa ya juu anajua sina mtu ndani. Anabisha, mara maji yamevuja, mara umeme umekatika kwake tu, mara anataka chumvi. Mwanamume mzima anaomba chumvi! Nikanunua viatu nikaviweka mlangoni. Asubuhi navigeuza vielekee nje, jioni navigeuza vielekee ndani. Mvua ikinyesha navinyunyizia maji. Tangu niviweke, hajabisha. Halafu huyu," akamgusa Bosi kichwani, "akakitafuna kimoja."

Ezekieli akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Ungesema niache kazi nije Mtwara, au ungekuja kupigana ufungwe. Au ungeniuliza nimefanya nini mpaka anabisha. Hilo la tatu ndilo nililiogopa."

Ezekieli akanyoosha mkono kumshika mbwa, na Bosi akamngurumia. Si kwa nguvu, aliyepasuliwa juzijuzi hana nguvu, lakini alinguruma, kisha akageuza kichwa na kola yake akanilamba mimi kiganja. Ezekieli aliurudisha mkono wake akautazama.

"Hata mbwa," alisema.

Kisha, kwa kutafuta pa kuegemea, akanitaja. "Nilimwambia Hamisi aniangalizie. Yeye ndiye aliyeniambia ni ngozi."

Hapo Tumaini akanigeukia. Somoe, ningependa daktari anifukuze kazi kuliko lile jicho.

"Kumbe ulipokuwa unapanda kwangu," akasema, "ulikuwa unatibu mbwa au unakagua viatu?"

Nikaokota bandeji nikaanza kuikunja upya.

"Na mke unaye?"

"Ninaye. Yuko Mikindani."

"Naye amewekewa mtu?"

Akamwomba daktari kwamba kuanzia sasa Bosi ahudumiwe na mtu mwingine. Nyuzi alizitoa mwenzangu Anna, mimi nikatolewa nje ya chumba. Nilisimama barabarani nikimsikia Bosi analia ndani, na najua alikuwa analia kwa sababu Anna anashika kwa nguvu. Mimi ndiye niliyemzoea, mimi ndiye ninayejua anapenda kushikwa sikio. Unaona wivu ulivyo? Hata wa mbwa wa watu ninao.

Kesho yake Ezekieli alirudi peke yake kuchukua dawa. Alikuwa amepoa. Tukakaa kwenye benchi la nje. Akaniambia alipanda ghorofa ya juu akabisha mlango wa yule bwana, akamwambia, "Mimi ndiye mwenye viatu vya chini." Yule bwana akafunga mlango. Alifikiri amemaliza kazi. Akashuka akamwambia mkewe atamwachia viatu vyake halisi, vilivyochakaa, avitumie. Tumaini akamjibu, "Viatu ninavyo. Nilichokosa ni mtu." Sasa anaomba uhamisho wa kuja Dar, na wanatafuta nyumba katika jengo lingine. Hajui atapata lini. Mbwa bado anamngurumia.

Nikadhani yamekwisha. Akanyanyuka, kisha akakaa tena, akatoa simu.

"Nilikuahidi kitu," akasema. "Nilipita kwako kabla ya safari. Nilipiga picha nikiwa ng'ambo ya barabara. Sikutaka kukutumia, lakini ahadi ni ahadi."

Akanionyesha picha. Nisamehe, nilitazama. Nilisema nafsini nitatazama tu pikipiki, na pikipiki ipo kweli, imeegemezwa ukuta wa jiko. Elia amegeuka mgongo, kijana mwembamba, gambuti miguuni, ameinama ameshika mguu wa yule mbuzi jike mwenye baka jeupe, anamchonga kwato. Mama yangu yuko nyuma kwenye mkeka. Hamza amepanda juu ya kinu. Hakuna baya lolote pale. Angekuwa mume mwingine angefurahi kuona nyumba yake inavyotunzwa.

Na wewe umekaa unakuna nazi, mtandio umeangukia mabegani, na unacheka. Umetupa kichwa nyuma, mkono mmoja umefunika mdomo na bado meno yanaonekana.

Nikamwambia Ezekieli aifute. Akaifuta mbele yangu. Tukaagana, na sidhani kama atanipigia tena, wala mimi. Lakini picha haifutiki kichwani kama inavyofutika kwenye simu. Nilidhani wivu wangu ni wa pikipiki, na wa sindano na kwato. Sasa najua sivyo. Kwato zichongwe, tena namshukuru, zilikuwa zimerefuka. Nimekaa hapa nikijaribu kukumbuka ni lini mimi nilikuchekesha hivyo. Nakumbuka siku tulipokwenda Msimbati, gari likakwama mchangani, nikasukuma nikaanguka kifudifudi. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Sharifa alikuwa hajazaliwa. Tangu hapo simu zetu ni ada, ni bati linalovuja, ni Hamza kakohoa, ni mimi kufoka.

Sijamtuma mtu kukuangalia, na sitamtuma. Zuhura nimemwambia habari za pikipiki zinatosha, aniletee habari za biashara yake. Likizo nimeshaomba kwa daktari, na amekubali nije korosho zikianza kuokotwa. Nitakuja kwa basi la mchana kama watu wote, na nitakupigia nikiwa Kibiti ujue niko njiani. Sitakuja kwa kushtukiza. Nimemwona aliyefanya hivyo.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya magoti anayoitaka nitakuja nayo. Nisalimie baba mkwe huko Nanyamba, pole yake na kupulizia mikorosho, ajifunge kitambaa puani wala asiseme amezoea. Mjomba wako wa Kitaya akipita mwambie mbuzi wake wamekuwa maarufu mpaka Upanga. Zuhura msalimie, ingawa kama nimjuavyo ameshajisalimia mwenyewe kwa kuisoma barua hii. Mwalimu wa madrasa wa Sharifa, mama wa jirani anayekusaidia kuchota maji, wote salamu zao. Watoto wabusu, na Hamza mwambie ashuke kwenye kinu kabla hajavunjika jino.

Na Elia msalimie. Namaanisha hivyo. Mwambie mwenye mbuzi anasema kwato za nyuma azikate kwa kuinamisha kisu, asizikate wima.

Wewe sikuombi maelezo wala kiapo. Nataka kujua kitu kimoja tu: alisema nini siku ile? Niandikie kama alivyosema, chote, usinipunguzie kwa kunihurumia. Kama kilikuwa cha kuchekesha kweli, nami nicheke, hata kama itanichukua muda.

Mumeo, ambaye bado anajifunza,
Hamisi, Baba Sharifa